Mwiko wa Jeshi na Wakwe wa Cheptais

Vijana wa jikoni, siku mliponiaga kambini mlinipa blanketi, saa ya ukutani na kazi. Blanketi naitumia, saa ilisimama kabla sijafika Kitale, na kazi ndiyo hii: niwaandikie mambo yalivyokuwa tangu nilipoingia jeshini hadi nilipovua sare. Habari za vyeo sitaandika. Vyeo vilikuja polepole, na kila kilipofika nilikuta vitunguu bado vinangoja kumenywa.

Nilizaliwa Kabuchai, upande wa Bungoma, kati ya miwa na mahindi. Siku ya kuandikisha makuruti tulikimbia uwanjani bila viatu, tukakaguliwa meno na nyayo, na jioni nikarudi nyumbani na habari kwamba nimechukuliwa. Mama alipiga vigelegele kisha akaanza kulia kabla hajavimaliza. Kijiji kizima kilijua Wanyonyi anakwenda kushika bunduki. Mimi mwenyewe nilijua hivyo.

Na bunduki niliishika, kwa sababu askari wote hufundishwa kulenga shabaha, awe dereva au mpiga tarumbeta. Lakini mafunzo yalipokwisha, afande alisimama mbele yetu akitugawa kwenye kazi. Huyu mawasiliano, yule mizinga. Aliponifikia akasema, "Wanyonyi, jikoni."

Nilifikiri ni adhabu. "Afande, nimekosa nini?"

"Hujakosa. Nilikuona mesini ukirudia maharagwe ambayo wenzako wote waliyakataa. Mtu kama wewe anapenda chakula. Toka mbio!"

Kwetu Wabukusu, kijana akishatahiriwa haonekani tena akizungukazunguka jikoni kwa mama yake. Ni aibu. Sasa mimi, mwanamume mzima, serikali imenipeleka jikoni na kunivalisha aproni. Likizo ya kwanza baba yangu aliniketisha mbele ya wazee wenzake akaniuliza nimekutana na maadui wangapi. Nikamjibu, "Baba, mpaka sasa nimekutana na viazi." Walicheka sana wakidhani nafanya mzaha, nami sikuona haja ya kuwasahihisha.

Aliyenifundisha kazi ni Sajini Mwakio, Mtaita mfupi mwenye sauti ya chini, ambaye sikumsikia akipiga kelele hata siku moja. Siku yangu ya kwanza hakuniruhusu kugusa chakula. Nilisugua sufuria, sakafu na kucha zangu. Siku ya pili nikasugua tena. Nilipomuuliza nitapika lini, alisema, "Ukiugua tumbo wewe, ameugua mtu mmoja. Ukipika na mikono michafu, kikosi chote kinakimbilia choo, na nchi inalindwa na nani?" Swali hilo nimewauliza makuruti wote waliopita mikononi mwangu, na hakuna aliyewahi kupata jibu.

Mwiko wetu ulifika kifuani kwangu. Ugali wa kikosi unausonga umesimama juu ya benchi, magoti yamekunjwa kidogo, na nguvu inatoka mgongoni wala si mikononi. Ukitumia mikono peke yake, kesho hutaweza kufunga kifungo cha shati. Mwakio alisikiliza ugali kwa sikio. Aliniambia mwanzoni unarukaruka na kutukana, halafu unatulia na kuanza kupumua, na ukianza kupumua usiuache. Yale majiko ya dizeli yaliyokuwa yakinguruma kutwa nzima yalinipunguzia masikio, mke wangu ataapa hivyo, lakini ugali unaopumua nausikia hadi leo.

Kitu kingine alichonifundisha ni kukata kuku. Jeshini kuku hakatwi kwa kufuata viungo vyake. Unamlaza, unashika panga, unakata mifupa na vyote, vipande sawasawa, ili askari asipate sababu ya kuchungulia sahani ya mwenzake. "Ugomvi mwingi kambini," Mwakio alisema, "huanzia kwenye paja." Nilikata kuku namna hiyo miaka yote ya kazi mpaka mkono ukawa unajiendea wenyewe.

Mambo magumu yalikuwepo. Kule kaskazini upepo ulitupa mchanga ndani ya kila kitu, tukawa tunapika ndani ya shimo tulilochimba, tumeupa upepo migongo. Maji ya visima yalikuwa na chumvi, na maharagwe na maji ya chumvi hayapatani. Siku moja niliyachemsha kuanzia alfajiri, jua likapanda, likashuka, na bado yalilia kwenye meno. Kamanda alikuja akachota kijiko, akatafuna, akanitazama. "Wanyonyi, hizi umetoa jikoni au ghala la risasi?" Askari walikula wakinung'unika. Nilitaka kujificha, lakini Mwakio alinishika bega akasema anayenung'unika bado anakula, niogope siku watakaponyamaza.

Halafu tukapelekwa nchi ya nje kulinda amani, mahali ambapo unga wa mahindi haukujulikana. Vijana wakubwa wenye misuli walikaa wameinamisha vichwa mbele ya wali. Mmoja kutoka Webuye aliniambia, "Afande, mimi nimekula lakini sijakula." Nilizunguka masoko ya kule nikajaribu unga wa mihogo, nikauchanganya na wa mtama, nikausonga. Ulikuwa mweusi na ulivutika kidogo. Siku hiyo waliimba. Sijapata medali kwa ajili ya ugali ule, na sidhani medali ingenifurahisha zaidi.

Sasa niwaambie habari za nyumbani, kwa sababu ndizo zilizonisumbua kuliko mchanga na chumvi.

Mke wangu Wanjiru nilimpata sokoni Kitale. Wazazi wake walitoka Kenya ya kati wakanunua shamba Trans-Nzoia zamani, na yeye alikuwa akiuza kabichi zao. Mimi nilikuwa nimetumwa na kambi kununua mboga, nazifinya moja moja kama Mwakio alivyonifunza. Alivumilia akashindwa. "Afande, hiyo ni kabichi, si bomu. Chukua twende." Nilirudi kununua kabichi mara nyingi kuliko kikosi kilivyoweza kula. Mama yake aliposikia kwamba mchumba ni mwanajeshi alikunja uso, na aliposikia kwamba ni mpishi akamwambia binti yake, "Kumbe anapika? Na unangoja nini?" Ndugu yangu mkubwa, Wekesa, yeye alishangaa kule Kabuchai: "Ati bibi ni wa kabichi, bwana ni wa sufuria. Si mfungue hoteli tu, bana!"

Tulijenga nje kidogo ya mji wa Kitale. Tukajaliwa watoto watatu, wa kwanza msichana, Nasimiyu. Mimi nilikuwa naonekana likizo kwa likizo. Kila nilipofika, Wanjiru alichinja kuku, na firigisi, ambayo kwetu ni haki ya mwenye nyumba, iliwekwa juu ya sahani yangu. Nilikaa kwenye kiti kizuri, nikaletewa maji ya kunawa. Miaka ya mwanzo nilivimba kichwa kwa heshima hiyo.

Halafu likizo moja nilikuwa nimekaa ndani, Nasimiyu akiwa mdogo wa kama miaka mitano, nikamsikia nje akimwambia mtoto wa jirani, "Leo kwetu tunakula kuku. Mgeni amekuja."

"Mgeni gani?"

"Baba."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na furaha, mgeni ni jambo zuri. Lakini nyinyi mlio na watoto wadogo nyumbani mtanielewa nikisema kuku yule hakuteremka kooni. Tangu siku hiyo nilikuwa na hofu moja tu katika maisha yangu, kwamba nitamaliza utumishi, nirudi kwangu na sanduku langu, na nikute sina nafasi ila ile ya kwenye kiti cha wageni.

Nilijaribu. Simu za mkononi zilipokuja niliwapigia watoto kila jioni niliyoweza, tukafanya hesabu za shule kupitia simu, wao wakinisomea swali na mimi nikikoroga mchuzi kwa mkono mmoja. Nilipofika likizo nilimwambia Wanjiru asichinje kuku. Akasema, "Mama yako akisikia umetoka safari ukapewa sukuma wiki, ataniweka wapi?" Firigisi nikampa Nasimiyu ale, na mama yangu aliyekuwa amekuja kututembelea akashika mdomo, maana kwetu firigisi haikuwa chakula cha msichana. Kuku waliendelea kuchinjwa. Mimi niliendelea kuondoka.

Hatimaye nikastaafu. Nilifika Kitale, na nadhani mmeshakisia nilichokuta mezani. Wiki ile ya kwanza nilikula vizuri na kukaa vibaya. Nikainuka kuchota maji, nikaambiwa, "Acha tu, Baba Nasimiyu, pumzika." Nikashika jembe, "Pumzika." Nikaona niingie mahali ninapopajua. Asubuhi moja Wanjiru alipokwenda sokoni nikasonga ugali ili arudi akute chakula. Sasa, mikono yangu haikuwahi kujifunza ugali wa watu wawili. Niliona maji ni machache nikaongeza, nikaona unga ni mdogo nikaongeza, na Wanjiru aliporudi alinikuta jasho linanitoka mbele ya mlima. Alitazama mlima, akanitazama mimi. Angenikemea ningefurahi. Lakini alitabasamu kwa adabu. "Asante. Umejaribu sana. Sasa nenda pumzika." Majirani walisaidia kula, mbwa wao wakasaidia majirani, na mimi nikaenda kukaa kwenye kiti nikiwa na huzuni kweli.

Nasimiyu alikuwa muuguzi Bungoma wakati huo. Alikuwa amepata mchumba, kijana mwalimu aitwaye Ndiema, Msabaoti kutoka Cheptais, kule Mlima Elgon, na siku ikawekwa ya wazee wa kwao kuja kujitambulisha. Tuliwapokelea nyumbani kwetu Kabuchai, kama inavyotakiwa. Wekesa alikuwa msemaji wetu. Kazi yangu, kama baba wa msichana, ilikuwa kuvaa koti, kukaa kimya katikati ya wazee na kuonekana ghali. Chakula alikipanga Wanjiru na kikundi cha akina mama wa Matulo wanaopika kwenye harusi.

Mvua ikanyesha alfajiri hiyo. Wageni, kwa kuogopa barabara, waliondoka Cheptais mapema wakafika mapema mno. Akina mama wa Matulo, kwa kutoogopa barabara, walikwama kwenye tope na gari lao lote. Wanjiru akapigiwa simu akiwa nyuma ya nyumba, mbele yake meko matatu, kuku waliokwisha kunyonyolewa kwenye beseni, sufuria za kanisa za kuazima, na mke wa Wekesa peke yake kama msaidizi. Nilikuwa nimekuja kuchungulia nikiwa na koti langu. Aliizima simu, akageuka, na macho yake yakaniangukia.

"Na wewe! Umesimama hapo kama mgeni! Huoni moto unazima? Vua hiyo koti ushike mwiko!"

Miaka yote ya ndoa hakuwahi kunipazia sauti namna ile. Koti sijui nililitupa wapi.

Wekesa alinifuata mbio. "Ndugu yangu, we! Baba ya msichana hapiki siku ya wakwe. Watu ya Cheptais watasema nini?"

"Watasema wana njaa," Wanjiru akamjibu. "Shemeji, nenda uongee. Ongea pole pole, ongea mingi."

Nikaingia kazini. Nilipanga moto wa meko yote, nikateleka maji ya ugali, mchele nikampa mke wa Wekesa, chapati akashika Wanjiru. Jikoni kulikuwa na moshi na amri, na ndipo mahali pangu. Kisha nikavuta lile beseni la kuku, nikashika panga. Mkono ukajiendea wenyewe. Tak, tak, tak. Vipande sawasawa, mifupa na vyote, ndani ya sufuria, vitunguu, nyanya, funika. Nilikuwa nimeanza hata kupiga mluzi.

Wanjiru alifunua sufuria kuonja chumvi akabaki ameshika kifuniko hewani. "Baba Nasimiyu. Paja liko wapi?"

Ndipo akili ikanirudia. Kwetu mkwe huletewa kuku aliyekatwa kwa viungo vyake, mapaja, mabawa, kidari, mgongo, na firigisi juu. Mzee huikagua sahani kabla ya kula, na kiungo kikikosekana anajua amedharauliwa na haulizi, anaondoka tu na habari yake. Na mimi, mbele ya watu waliokuja kumwomba binti yangu, nilikuwa nimewapikia rasheni ya kambi. Kuku mwingine hakuwepo. Wa majirani walikuwa humo humo ndani ya sufuria.

Wekesa alirudi kuuliza kama chakula kiko tayari. Akachungulia. "Hii ni kuku ama ni kokoto? Umetumaliza! Mimi nimesema maneno mpaka imeisha, nimewapea historia yetu yote mpaka babu ya babu, sasa nakuja kubeba hii?" Hakuwa anatania. Akilini nilimwona Nasimiyu akirudi Bungoma bila mchumba kwa sababu ya panga la baba yake.

Nasimiyu mwenyewe alikuwa ndani ya nyumba, amepambwa, anangoja kuitwa. Hakutakiwa kuonekana. Kelele zilimtoa nje, leso begani, viatu vya visigino virefu kwenye tope. Akaangalia ndani ya sufuria, akaniangalia mimi na masizi yangu, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta.

"Baba, hii umepikia platuni!" Halafu akachukua mwiko mkononi mwangu bila kuomba, akakoroga chini. "Lakini si firigisi haujakata?"

Kweli. Firigisi sikuzikata, ni ndogo, hazihitaji panga. Zilikuwa zote humo, nzima, moja kwa kila kuku.

"Basi tuzitoe zote. Kila mzee apate yake. Sogea huko, unanizibia mwanga."

Tukazivua moja moja, mimi, yeye na mama yake, tukigongana viwiko na moshi ukitutoa machozi. Tukazipanga kwenye sinia, kilima kizima cha firigisi, jambo ambalo sidhani liliwahi kuonekana Kabuchai. Wekesa akanyoosha kola, akalibeba sinia lile mwenyewe.

Nilimfuata nikasimama mlangoni. Babake Ndiema, mzee mrefu mwenye kofia ya manyoya, alichukua firigisi yake, akaona jirani yake ana yake, na wa ng'ambo ana yake, akaiweka chini. Nyumba ikanyamaza. Nikakumbuka onyo la Mwakio kuhusu wanaonyamaza.

"Mimi kwangu," mzee akasema, "hii kitu napewa moja, kwa sababu mzee ni mimi. Hapa naona kila mtu ni mzee. Hii boma ni ya namna gani?"

Wekesa, yule yule aliyekuwa akinifokea jikoni, akainuka. "Ni boma ya mwanajeshi, mzee. Hapa hatuweki mmoja juu na mwingine chini. Mkikuja hapa, tunagawa sawa."

Mzee aliiokota tena firigisi yake. Akatafuna. "Basi kijana wetu hatakaa njaa," akasema, na kicheko kilichofuata kilitikisa mabati. Mama Ndiema akauliza kutoka upande wa akina mama, "Na sisi tumekosea nini?" Sinia likapelekwa huko pia, na hakuna aliyekufa. Vile vipande vya kuku vilikuja baadaye vikaliwa hadi mchuzi, na wakati wa kuondoka walitaja mwezi wa harusi wenyewe, bila kuombwa.

Vijana, mtasikia watu wakisema mkistaafu mnakwenda kupumzika. Msikubali kupumzishwa. Tafuteni mapema mahali ambapo nyumba yenu ina kazi, na mshike hiyo kazi hata kama mtaiharibu kwanza.

Wageni walipopanda magari, Wekesa alinipigia kelele kutoka barazani. Wazee wetu walikuwa wamebaki, chai imemiminwa, kiti changu katikati kilikuwa kitupu. "Baba ya bibi arusi, kuja sasa ukae na watu! Umetuletea heshima!"

Nikafuta mikono nikaanza kwenda. Sikufika mbali.

"Unaenda wapi?" Wanjiru aliuliza. Alikuwa ameketi juu ya gogo, kitambaa kimemteleza kichwani, unga hadi kwenye nyusi, na Nasimiyu amevua viatu vyake virefu anakwangua ukoko wa ugali. "Hizo sufuria ni za kanisa. Nani ataziosha? Mimi?"

"Wazee wananiita."

"Waambie uko na kazi."

Nikawaambia, kwa sauti ya gwaride, ili wasikie hadi ndani. Kisha nikachota majivu, nikakunja mikono ya shati, nikaanza na ile kubwa.